Suke la Mpunga Huumbwa Kabla Hujaliona

Wewe mkulima wa mpunga, ukiona suke limechomoza, waweza kudhani kwamba ndiyo kwanza laanza. Sivyo. Lilianza kiasi cha mwezi mmoja nyuma, ndani ya shina, chini karibu na mizizi.

Nani aliyetoa amri? Katika kila chembe hai ya mmea mna jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyotoka katika mbegu. Baadhi yake ni kama manyapara: hazijengi kitu zenyewe, bali huziamsha nyingine au huzilaza. Majani hupima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha, jeni iitwayo Hd3a huamka katika jani, na protini yake husafiri mpaka ncha ya shina. Wataalamu wa Japani waliionyesha safari hiyo mwaka 2007. Ncha ikipata habari, huacha kutoa majani na kuanza suke.

Hapo huja manyapara wengine, kila mmoja na sehemu yake. Ua la mpunga ni dogo, wala halina rangi ya kujivunia, lakini lina mbelewele 6 za kiume, na katikati sehemu ya kike itakayokuwa punje. Jeni iitwayo SPW1 ikiharibika, mahali pa mbelewele humea sehemu za kike! Ikiharibika DL, sehemu ya kike hugeuka kuwa mbelewele, na punje hakuna.

Sasa tazama Mwea. Huko ni karibu na ikweta, na usiku ni kama saa 12 mwaka mzima. Basi pishori haina majira marefu ya kungojea. Ukichagua siku ya kupanda, umechagua na siku ya kuchanua. Mpunga ukibeba mimba katika baridi ya Juni hadi Agosti, unga wa kiume huharibika, nawe utavuna mapepe hata kama shamba lilikuwa la kijani kibichi.

Miche ikikua, ng'oa shina kuu moja, ulipasue kwa wembe tangu chini. Ukiona kijincha cheupe chenye manyoya, urefu wa milimeta 1 au 2, suke limeanza. Huo ndio wakati wa kutia salfeti ya amonia kwa mara ya pili, na jaruba lisikauke mpaka maua yamekwisha.