CHOMBO KIPI KIPIMACHO KWELI?

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kwenye maabara, haba hiyo hiyo huweza kukunyima maksi!

Wenzangu wengi wakiambiwa wapime 25 cm³ za alkali hukimbilia bika, eti kwa kuwa ina mistari. Hapo ndipo tunapoponzwa. Mistari ya bika ni ya kukisia: kosa lake kwa kawaida hufika 5%, yaani zaidi ya 1 cm³ katika hizo 25. Pipeti ya 25 cm³, hata ya daraja la B, huruhusiwa kukosea 0.06 cm³ tu.

Siri ni wembamba. Mwaga kata ya maji kwenye birika la msikiti hapa Faza, hutaona yakipanda. Tia kijiko kimoja kwenye shingo ya chupa ya soda, yatapanda pale pale.

Basi chagua hivi: bika ni ya kubebea na kuchanganyia; silinda ni ya vipimo visivyotaka uhakika mkubwa; pipeti ni ya kiasi kimoja maalumu; bureti, yenye alama za kila 0.1 cm³, ni ya kutilia asidi tone kwa tone.

Ukisoma, jicho liwe sawa na uso wa maji, usome chini ya kibonde. Tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti usilipulize, limeshahesabiwa.

Katika KCSE jibu lako hulinganishwa na la mwalimu. Yakipishana sana, maksi zimekwenda. Chagueni vyema!