Sikio la kikongwe: wenzetu wanapozisimulia upya hadithi za nyumbani

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kusimulia upya hadithi ya kale au tukio la historia. Mimi ni wa Isaka, pale penye bandari kavu na malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na kama watoto wengi wa Usukumani nimelelewa na hadithi ya Shing'weng'we. Nikaiandika kama nilivyosimuliwa. Nilipata alama za wastani, na kwa kweli nilistahili.

Kwa asiyeijua, Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mama mmoja mjamzito, amejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wako wapi, akaambiwa, akaanza kulisaka zimwi. Akiua panzi anarudi mbio kwa mama: nimemuua! Mama anamwambia hapana, huyo panzi tu. Siku nyingine ndege, siku nyingine mnyama mkubwa zaidi, mpaka alipolikuta lenyewe. Akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka, wakamfanya mtemi.

Mwenzetu wa Geita aligeuza zimwi kuwa duara la dhahabu. Mtoto anauliza baba yuko wapi, mama anamwonyesha shimo. Kila jioni mtoto analeta jiwe linalong'aa, na mama anajibu: siyo hilo. Jamani, darasa zima lilinyamaza.

Lakini iliyoniganda mimi ni ya dada mmoja aliyekaa nyuma kabisa. Kuna sehemu ya hadithi ambayo wasimulizi huipita haraka: Masala Kulangwa akipasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, akataka kumroga, kijana akamshinda. Basi, tunaendelea na sherehe. Yeye hakuendelea. Alimpa bibi nafasi ya kusema. Amekaa gizani miaka, mwanga unaingia pamoja na kisu, watu wanacheza ngoma, hakuna anayemwambia pole. Analalamika, na mtu mmoja kwenye ile ngoma anatamka: mchawi.

Sisi wa Shinyanga tunajua neno hilo likishatamkwa kinachofuata. Vikongwe wameuawa kwetu kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwapikia haohao waliokuja kuwashuku.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Kumpa zimwi simu mkononi ni rahisi, yeyote anaweza. Kazi ni kutafuta pale hadithi inapokimbia, ukapakalia kitako. Ebrahim Hussein alifanya hivyo kwenye Kinjeketile, tamthilia iliyotoka 1969. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Wa Hussein anaishi zaidi. Anaishi mpaka anaona watu waliouamini usemi wake wakilala chini kwa risasi, kisha anatakiwa aseme kama maji yalikuwa kweli au uongo. Historia haikumpa siku hizo, mwandishi amempa, na ndizo siku ambazo msomaji hazisahau. Na hakuficha: alisema wazi kwamba huyu ni mtu wa kubuni.

Ila tusidanganyane, historia siyo ngano. Ukitaka kuipinda lazima kwanza uijue ilivyonyooka. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji, wakaandika walichosikia. Hiyo ndiyo hatua tunayoiruka wengi wetu. Mimi niliruka hata ya nyumbani, maana bibi yangu yupo Isaka na sikuwahi kumuuliza chochote.

Likizo nilimuuliza: yule kikongwe wa sikio, ilikuwaje baadaye? Akasema hadithi haisemi. Nikamsimulia alivyoandika yule dada. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza binti huyo ni wa wapi na kama ana bibi. Kisha akaniagiza nikirudi nimletee hiyo karatasi, nimsomee yote, nisimkatie.