Kiwanda Kilichoandamwa na Moto

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za Banff, mji mdogo wa pwani ya kaskazini-mashariki ya Uskoti. Kiwanda cha wiski kilianzishwa hapo mwaka 1824. Mwaka 1863 kikahamia Inverboyndie, kijiji cha jirani, karibu na bahari, penye maji mazuri na reli.

Wiski hupikwaje? Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, hukaushwa, kisha husagwa. Hutiwa maji ya moto yavute utamu wake, na maji hayo hutiwa hamira yachachuke. Ndipo huchemshwa ndani ya mitungi mikubwa ya shaba. Mvuke wa kileo hutangulia kupanda. Ukipozwa hugeuka matone, kama yale mnayoyaona chini ya kifuniko cha sufuria. Matone hayo hukusanywa yakalala kwenye mapipa ya mwaloni miaka mitatu au zaidi. Sasa shikeni jambo moja: kileo kikali namna hiyo hudaka moto upesi mno.

Mwaka 1877 sehemu kubwa ya kiwanda iliungua. Wenyewe wakakijenga upya mwaka uleule. Kisha vikaja vita. Tarehe 16 Agosti 1941, ndege moja tu ya Kijerumani ilishambulia ghala namba 12. Mapipa yakapasuka, wiski ikatiririka mashambani hadi kwenye kijito. Husimuliwa kwamba mabata walilewa chakari, na ng'ombe hawakuweza kukamuliwa kwa sababu walishindwa kusimama. Watu hucheka wakilisimulia hilo. Mimi huwaonea huruma wanyama wale, maana vita havikuwahusu.

Mwaka 1959 mtungi mmoja ulilipuka ukiwa unatengenezwa. Kiwanda kikainuka tena!

Kilichokimaliza ni wingi wa wiski. Katika miaka ya 1970 Uskoti ilipika nyingi kuliko walivyohitaji wanywaji, maghala yakafurika. Mwaka 1983 kampuni ya DCL, iliyokuwa ikikimiliki, ikafunga viwanda kadhaa kwa mpigo, Banff kikiwemo. Kazi iliyopita mikononi mwa vizazi kwa zaidi ya miaka 150 ikakatika, na hilo kwangu linauma kuliko bomu. Majengo yakabomolewa. Ghala moja lilisalia mpaka mwaka 1991, nalo likateketea kwa moto.