Mjini Hakuna Jando

Zamani kwa Wameru, kijana aliyetoka jandoni alitiwa katika rika lake, wazee wakamfunza wajibu. Siku hizi hapa Makutano, mjini Meru, kijana akimaliza shule hupanda gari la Nairobi na cheti mfukoni. Huko hakuna mzee anayemngoja. Nani basi atamfunza utu uzima? Naona waandishi wetu wa riwaya wamelishika swali hili barabara, na wafaa wasomwe.

Meja Mwangi, mzaliwa wa jirani zetu Nanyuki, alitoa Kill Me Quick mwaka 1973. Meja na Maina, vijana wenye vyeti, wanaingia mjini kutafuta kazi wasiipate. Wanalala vichochoroni na kula makombo ya mapipani. Siku moja Meja anafika hadi kwao, lakini aibu inamrudisha mjini. Maina naye anapata kundi la kumpokea. Kumbe ni kundi la wezi! Mwisho wa yote ni jela.

Msiba huu si wetu peke yetu. Katika Native Son ya mwaka 1940, Mmarekani Mweusi Richard Wright alimchora Bigger Thomas, kijana wa miaka 20, ambaye mji wa Chicago ulimfungia milango kabla hajapiga hodi.

Adam Shafi wa Zanzibar alitazama upande mwingine. Kuli, riwaya yake ya mwaka 1979, inaturudisha kwenye mgomo wa makuli wa bandarini wa mwaka 1948. Rashidi, ambaye baba yake alifia kazini, anairithi kazi ile ile. Anabeba mizigo na kudharauliwa. Lakini mshahara haumfanyi mtu mzima. Utu uzima unamjia anapotambua kwamba shida yake ni shida ya wenzake, akasimama nao katika mgomo.

Hilo ndilo funzo nililolipata. Rika halikosekani mjini. Swali ni rika gani. Maina alifunzwa na wezi, Rashidi akafunzwa na wafanyakazi.

Wazazi wenzangu, tunapomsindikiza kijana stendi, tusimpe nauli na baraka tu. Tumuulize pia: huko uendako utakuwa na nani? Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vibaya huiba pamoja.