Gilfema: Mbogi ya Wasee Watatu, Hakuna Mdosi

Kama unalia nyuzi za gitaa zimekuwa ghali, tulia kwanza. Lionel Loueke, chali wa Benin, alianza gitaa akiwa na 17, na huko nyuzi mpya hazikuwa kitu ya kupata hivi hivi. Zikichafuka, anazitoa, anazilowesha kwa siki, anazirudisha. Moja ikikatika na hakuna ingine, waya ya breki ya baiskeli inaingia hapo. Manze, hizo vidole!

Akahepa Ivory Coast kusomea muziki. Doh ikaisha, njaa ikamkalia. Akajipenyeza kwa klabu, bendi ikatoka kupumzika, msee akachukua gitaa si yake akaanza kuchapa. Baunsa nusura amtupe nje, lakini mdosi wa klabu alikuwa ameskia, akampea kazi. Hiyo roho mimi sina.

Baadaye ikawa Paris, halafu 1999 akatua chuo cha muziki cha Berklee, Boston. Hapo ndio mbogi iliformika: Massimo Biolcati kwa besi, mzaliwa wa Sweden aliyelelewa Italia, na Ferenc Nemeth, mdrama wa Hungaria. Wakajiita Gilfema, vipande vya majina yao, juu Loueke pia anaitwa Gilles. Albamu ya kwanza ilitoka 2005.

Sasa sauti yenyewe. Loueke anaingiza karatasi katikati ya nyuzi, gitaa inaanza kulia ni kama kalimba, huku ulimi wake unapiga vidoko juu ya mdundo. Hesabu za midundo nazo ni noma. Jaribu kupiga makofi uone venye utajipata peke yako. Bendi mob za kuchanganya huwa zinamwagia tu ngoma za Afrika juu ya jazz ni kama kachumbari. Hawa hapana. Kila msee amekuja na za kwao, na wengine wanamskiza hadi amalize.

Halafu Herbie Hancock, gwiji wa piano ya jazz, akambeba Loueke. Ukifika hapo, wengi hutema mbogi ya zamani fasta. Yeye alipotoa albamu na lebo ya Blue Note 2008, alienda na Massimo na Ferenc walewale, Hancock na msee wa saksofoni Wayne Shorter wakaja kama wageni. Albamu inaitwa Karibu. Eeh, Karibu, ile tu ya mathe akifungua mlango.

2020 Gilfema wakaangusha albamu ya tatu, bado watatu. Tafuta hedfoni poa, juu na spika ya simu besi ya Massimo inapotea yote.