Mmea ulao wadudu: Je, utakaa Mukuru?

Kuna mmea ambao umande wake haukauki jua likiwaka. Majani yake yana vinywele vyekundu, na kwenye ncha ya kila kinywele pana tone ling'aalo. Waingereza huuita umande wa jua. Wataalamu huuita Drosera, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo ya umande. Mdudu hutua akidhani amepata kinywaji, kumbe ni ulimbo. Akipapatika, vinywele vya jirani humwinamia na kumgandama. Kisha jani humyeyusha na kumfyonza kwa siku kadhaa, likabaki gamba tupu.

Hizi si hekaya za Alfu Lela. Charles Darwin alianza kuuchungua mmea huu mwaka 1860, na mwaka 1875 akatoa kitabu kizima juu ya mimea ilayo wadudu. Wala si mgeni kwetu: Drosera indica na Drosera madagascariensis huota Afrika Mashariki, mahali penye majimaji na udongo maskini. Naitrojeni ambayo mizizi imeikosa ardhini, majani huipata kwa wadudu.

Nimetembea Mukuru kwa Njenga, nikaona sukumawiki ndani ya magunia na maua ndani ya mikebe milangoni. Basi nikajiuliza: je, mmea huu waweza kukaa hapa? Nasema waweza, kwa masharti matatu.

La kwanza ni udongo. Usitie mbolea wala samadi, maana huunguza mizizi. Changanya mboji ya kinamasi isiyotiwa mbolea na mchanga uliooshwa vizuri. Mbegu zake ni kama vumbi; zinyunyize juu, usizifukie, kwani zahitaji mwanga. Wala usiende kung'oa miche vinamasini, ukaimaliza.

La pili ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi huuua. Yaufaayo ni ya mvua, na paa la mabati huyakinga bure; acha kwanza mvua ioshe vumbi na moshi wa viwanda. Toboa kopo chini, ulikalishe katika sahani yenye maji kidogo, na uyabadilishe kila siku ya tatu yasizae mbu.

La tatu ni jua, na hapa ndipo penye ugumu. Vyumba vya mabati vimebanana hata dirisha halioni mwanga. Mmea ukikosa jua, wekundu hufifia na matone hupungua.

Ama wale watakaouliza kama utawaondolea inzi, jibu ni la. Kopo moja hunasa vidudu vichache tu. Inzi wa mtaa huzaliwa na taka, na dawa yao ni kuzoa taka.

Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango; mwaka 2021 nyumba nyingi za kwa Njenga zikabomolewa. Asiyejua kesho atalala wapi hapandi mwembe, lakini kopo huchukulika mkononi. Mmea huu umezoea udongo maskini, ila hauvumilii kukosa maji yafaayo na mwanga. Wenye kupanga mtaa ule na wajiulize: ikiwa mmea hauwezi, binadamu je?