UZI: "Uchunguzi unaendelea" ni jibu ama ni njia ya kukutoa kwa ofisi?

Kila mtu akiuawa, mjadala hapa unaenda vile vile. Kambi moja inasema tunataka majibu, ingine inasema acheni siasa kwa msiba, halafu msemaji fulani anatuambia uchunguzi unaendelea. Nasomea sayansi ya siasa, naishi Kawangware, na naona sote tunaruka swali moja: faili iko kwa meza ya nani?

Chukua Agosti 2017. Matokeo ya urais yalipotangazwa, polisi waliingia mitaa kadhaa ya Nairobi, Kibera na Kawangware zikiwemo. Human Rights Watch na Amnesty International waliandika kwamba watu wasiopungua 33 waliuawa Nairobi pekee. Siku hizo hizo Kisumu, mtoto wa miezi sita alipigwa kichwani ndani ya nyumba yao, akafa.

Kesi ya Kisumu ilifika kwa hakimu kama inkwesti, yaani kikao cha mahakama cha kutafuta mtu alikufaje. Inkwesti haimfungi mtu, na hakuna mshtakiwa. Lakini mashahidi wanaapa, daktari aliyepasua mwili anaulizwa maswali, na yote yanaandikwa. Februari 2019 hakimu akasema polisi wanabeba lawama. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha maafisa kadhaa washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Polepole sana, ndiyo. Lakini kila hatua ina tarehe, na ina ofisi unayoweza kuibishia mlango.

Huku kwetu familia nyingi zilibaki na nambari ya OB tu. Zingine hata hiyo hazina, kwani ni nani ana moyo wa kwenda kushtaki polisi kwa polisi? Wengine walizika haraka bila upasuaji, na hapo ndipo panauma. Risasi ikizikwa na mwili, utajuaje ilitoka bunduki gani?

Njia yenyewe iko. Polisi wakihusishwa na kifo, sheria ya 2011 inawalazimu kuripoti kwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia. IPOA ikimaliza inapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Yeye anaweza kushtaki, kuirudisha ifanyiwe kazi zaidi, au kuagiza inkwesti. Hakimu asipojua muuaji ni nani, anaandika maoni yake na nakala inarudi kwa Mkurugenzi. (Bunge pia lilipitisha sheria ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017. Miaka ikapita bila ofisi hiyo kuanza kazi. Hiyo tutaifungulia uzi wake.)

Na msidanganywe ati imepitwa na wakati. Kwa sheria ya Kenya, kesi ya mauaji haina muda wa kuisha.

Kuna mama hapa 56 ambaye bado ameweka karatasi ya OB ya kijana wake ndani ya Biblia. Kila mwanasiasa akija, wa upande wowote, anapigwa picha naye. Nilimuuliza kama kuna hata mmoja amewahi kumwambia faili imefika wapi. Akanijibu, "Mwanangu, wewe ndiye wa kwanza kuuliza." Kesho tunapanda 46 pamoja, tunaanzia IPOA.